Ukame hauko mmoja: namna mvua iliyokosa Zambia ilifika mpaka kwenye bukari yetu

Mwanzo wa mwaka 2024, habari tatu zilifika kwenye redaksio yetu karibu kwa wakati mumoja. Kule Kinshasa, mwezi wa kwanza, muto Congo ulipanda mpaka mita 6.20, kipimo ambacho watu hawakukiona tangu mafuriko makubwa ya 1961, pale ulifika mita 6.26. Kalemie na Uvira, maji ya ziwa Tanganyika yalikuwa yanapanda na kuingia ndani ya nyumba za watu. Na kwa jirani yetu wa kusini, tarehe 29 Februari, Raisi Hakainde Hichilema wa Zambia alisimama mbele ya watu wake akatangaza kama ukame umekuwa janga la taifa lote.

Mafuriko huku, ukame kule, na mupaka kati yetu ni ule ule wa Kasumbalesa ambao malori yanapita kila siku.

Kiisha myezi ikapita, na maswali yakaanza kuingia kwenye simu ya redio. La kwanza: kama ukame uko Zambia, juu ya nini bunga inapanda Lubumbashi? La pili lilikuja mwisho wa mwaka, wakati mvua ilikuwa imeanza tena: mvua inanyesha, sasa mbona bado wanasema ukame, na mbona Zambia wanakaa bila umeme kuliko hata wakati wa jua kali? Haya ni maswali ya maana sana, na jibu lake ni hili: chini ya neno moja «ukame» kuko vitu vinne mbalimbali. Vinafuatana, lakini havianzi siku moja na haviishi siku moja.

Kwanza, kiangazi si ukame

Hapa Lubumbashi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, karibu hakuna tone la mvua. Majani yanakauka, vumbi inapanda, watu wanachoma pori. Hakuna mulimaji anayelia juu ya ile, kwa sababu iko vile kila mwaka, tangu wakati wa wazee. Hiki ni kiangazi. Hata jangwa hatuliite ukame. Jangwa ni inchi kavu siku zote.

Ukame ni upungufu. Ni kusema maji yamekuwa machache kuliko yale ambayo pale mahali panazoea kupata, katika majira yake. Milimita 600 za mvua kwa mwaka ni baraka kwa mutu wa inchi kavu, lakini kwetu sisi tunaopata karibu 1,200, ile ingekuwa balaa. Kwa hiyo hakuna namba moja ambayo mutu anaweza kuandika ukutani na kusema «chini ya hapa ni ukame» kwa dunia nzima. Hiyo ndiyo iliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1985, Donald Wilhite na Michael Glantz, wote wawili wa Marekani, walikusanya maelezo ya ukame yaliyokuwa yameandikwa na watu mbalimbali. Wakakuta yanapita 150. Wao waliyapanga katika mafungu manne, na mafungu yale ndiyo yanatumika mpaka leo: ukame wa meteorolojia, ukame wa kilimo, ukame wa hidrolojia, na ukame wa uchumi na jamii. Mimi hapa chini nitayaita kwa urahisi: ukame wa mvua, wa shamba, wa mito, na wa sokoni.

Ukame wa mvua

Huu ndio mama wa mingine, mara nyingi lakini si kila mara. Mvua inachelewa, au inakuja kidogo, au inakatika katikati ya majira. Unapimwa kwa chombo kile cha kawaida cha kupokea maji ya mvua, pamoja na kumbukumbu za miaka mingi, miaka 30 ikiwezekana.

Kipimo kinachotumika sana kinaitwa SPI. Kilitengenezwa na McKee na wenzake wawili wa Colorado mwaka 1993. Kazi yake si ngumu kuielewa: unachukua mvua ya muda fulani, unalinganisha na ile iliyozoea kunyesha muda ule ule miaka mingine. Sufuri ni kawaida. Chini ya -1 ukame umeanza kuonekana, chini ya -1.5 ni mukali, na kwa -2 kwenda chini ni mukali kupita kiasi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuhesabu kwa mwezi 1, myezi 3, 6, 12. Na hapa ndipo siri ya habari yetu yote imelala. SPI ya mwezi 1 inaonyesha tu kama mvua imekatika. Ya myezi 3 iko karibu na ile ambayo mahindi yanasikia. Ya myezi 12 iko karibu na ile ambayo mito mikubwa na mabwawa yanasikia. Siku moja, mahali pamoja, namba hizi tatu zinaweza kusema vitu vitatu mbalimbali, na zote zikawa za kweli.

Mwaka ule, chanzo kilikuwa El Niño, yaani maji ya bahari ya Pasifiki upande wa katikati na mashariki kupata joto kupita kawaida. Shirika la dunia la meteorolojia lilitangaza mwanzo wake mwezi wa saba 2023. El Niño ina tabia ya kugawa vibaya: mara nyingi inavuta mvua upande wa Afrika ya mashariki, na kuikausha Afrika ya kusini. Ziwa Tanganyika lilikuwa upande wa waliopata. Zambia, Malawi na Zimbabwe upande wa waliokosa. Wataalamu wa kundi la World Weather Attribution walichunguza mwezi wa ine 2024 na kusema kama kwa ukame ule wa kusini, El Niño ndiyo ilikuwa sababu kubwa, na hawakuona alama ya wazi ya mabadiliko ya hali ya hewa. Ninaandika hii kwa sababu tumezoea, hata sisi wanahabari, kutupia «shanzma klimatike» kila kitu. Mara ingine ni kweli, mara ingine sivyo.

Ukame wa shamba: wiki tatu zinatosha

Ukame wa kilimo hauangalii mvua ilinyesha ngapi. Unaangalia kama mizizi inapata maji ndani ya udongo, siku ile muti unayahitaji.

Mahindi yanataka kati ya milimita 500 na 800 za maji tangu kupanda mpaka kukomaa. Mwaka wa kawaida hapa kwetu mvua inapita ile kwa mbali. Kwa hesabu ya jumla, mahindi ya Haut-Katanga hayapaswi kulia njaa ya maji hata siku moja. Lakini mahindi hayakunywi jumla ya mwaka. Yanakunywa ya wiki hii.

Wiki mbaya zaidi ni zile za maua, pale ndevu zinatoka, karibu miezi miwili kisha kupanda. Kama maji yanakosa pale, unga wa dume hauchukuliwi vizuri na ndevu, na punje hazijipangi. Muti unabaki wima, majani ya kijani kabisa, mutu anayepita barabarani anasema «shamba zuri». Unafungua muhindi, ndani kuko meno machache kama ya muzee.

Mimi mwenyewe ilinifikia. Nilikuwa na kipande kidogo njiani ya Kasenga, nikapanda kwa furaha kisha mvua mbili za kwanza, bila kungoja udongo ulowe vizuri. Mbegu ziliota, jua likakaza siku kumi, nusu ikafa. Nikapanda tena. Zile za pili zikaanza kutoa ndevu katikati ya mwezi wa pili, na mvua ikakatika wiki tatu. Ukiuliza watu wa muji mwaka ule ulikuwaje, watakuambia mvua ilinyesha vizuri, na hawadanganye. Kwa jumla ya mwaka ilinyesha. Mimi nilivuna magunia mawili pale nilipotegemea nane.

Sasa chukua hii na uipeleke Zambia. Kule wengi wanapanda kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Maua yanaangukia mwezi wa kwanza na wa pili. Na Februari 2024, katika sehemu nyingi za Zambia, Zimbabwe na Malawi, ilikuwa kavu kupita Februari zote za miaka makumi iliyopita. Mvua haikukosa mwaka muzima. Ilikosa pale pale, wakati ule ule ambao haikupaswa kukosa. Serikali ya Zambia ilihesabu kama kwa hektari milioni 2.2 zilizopandwa mahindi, karibu milioni 1 ziliharibika. Wilaya 84 kwa 116 ziliguswa. Mavuno yakaanguka kutoka tani zaidi ya milioni 3.2 mpaka karibu milioni 1.5.

Ukame wa shamba unaweza kukuja pia bila mvua kupungua. Jua likizidi ukali, maji yanatoka ndani ya udongo na majani haraka kuliko mvua inavyorudisha. Ndiyo maana mwaka 2010 wataalamu wa Hispania walitengeneza kipimo kingine, SPEI, kinachohesabu pia maji yanayopanda hewani kama mvuke. Udongo wenyewe unaweza kuwa sababu: ule wa muchanga hauweki maji, ule uliochoka na kuchomwa kila mwaka umekuwa mugumu juu kama sementi, mvua ikipiga inakimbia mutoni. Walimaji wawili, mvua moja, mupaka mumoja wa shamba. Mumoja ameweka majani makavu chini ya mahindi, mwingine amechoma yote. Kiangazi kidogo kikija katikati ya mvua, mumoja ana siku kumi na tano za kuvumilia, mwingine ana sita. Hakuna mvua ya mumoja na mvua ya mwingine, lakini ukame uko kwa mumoja tu.

Na muhogo? Muhogo unajua kungoja. Ukikosa maji unaangusha majani, unasimama, mvua ikirudi unaendelea. Ndiyo maana wazee wetu hawakuweka tumaini lote kwenye mahindi. Ni muji na migodi zilizotuzoesha bunga nyeupe.

Ukame wa mito unakuja polepole, na unaondoka polepole

Hapa ndipo swali la pili la wasikilizaji linapata jibu.

Udongo ni kama kikombe: unajaa haraka, unaisha haraka. Maji ya chini ya ardhi na maziwa ni kama tanki kubwa. Mvua ikikatika, muto hauishi kesho yake, kwa sababu unaendelea kulishwa na maji yaliyoingia chini wakati uliopita. Mutu mwenye kisima kwenye kiwanja chake hapa muji anajua hii bila kusoma kitabu. Mvua zinaisha mwezi wa ine, lakini kisima kinashuka polepole, na siku mbaya ni za mwezi wa tisa na wa kumi, pale kamba ya ndoo inabidi kuongezwa. Hata mvua za kwanza zikinyesha, kisima hakipande mara moja. Udongo wa juu unajikunywea kwanza. Halafu majani na miti. Kinachobaki ndicho kinashuka chini.

Kariba ni kisima kile, lakini kikubwa. Bwawa lilimalizika kujengwa mwaka 1959 juu ya muto Zambezi, kati ya Zambia na Zimbabwe, na ziwa lake linaweza kubeba karibu kilometa 180 za mchemraba za maji. Lakini mashini za umeme haziwezi kutumia yote. Maji yanatumika kati ya mita 488.5 na mita 475.5 juu ya bahari. Chini ya pale, hayafike mulangoni mwa mashini. Sehemu ile ya kutumika ni karibu 65 tu kwa 180. Kwa hiyo ulisikia mwisho wa 2024 kama Kariba imebakia na chini ya asilimia 10, usifikiri samaki walikuwa wanatembea kwenye matope. Ziwa lilikuwa bado bahari kwa macho. Ni ile sehemu ya juu, yenye kutoa umeme, iliyoisha.

Tazama sasa saa zilivyofuatana. Mvua ilikatika Februari. Mahindi yakafa Februari na Machi. Lakini maji ya Zambezi yanatoka mbali, kaskazini-magharibi ya Zambia na Angola, na yanapita kwenye bonde pana la Barotse ambapo yanatandaa na kutembea polepole sana. Mwaka wa kawaida, maji mengi yanapita maporomoko ya Victoria karibu Aprili, na ziwa Kariba linaendelea kupanda mpaka mwezi wa sita ao wa saba, wakati hakuna wingu hata moja juu. Mwaka ule halikupanda vile lilivyopaswa. Na kwa sababu Zambia inapata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwa nguvu ya maji, delestaji ikawa kali zaidi mwezi wa tisa na kumi: saa 17 kwa siku bila umeme, mara ingine kupita pale. Myezi saba kisha mvua kukatika. Mwenye kuangalia mbingu tu hakuelewa kitu.

Neno moja juu ya jiografia yetu, kwa sababu ni jambo linalonifurahisha kila mara. Mupaka wetu na Zambia, kutoka upande wa Kolwezi mpaka karibu na Kasumbalesa, haukuchorwa na rula. Unafuata mugongo wa ardhi, ule mwinuko unaogawa maji. Tone la mvua likianguka upande huu linaingia Lufira ao Lualaba, linapita Kisangani, linafika Atlantika. Likianguka mita chache upande ule, linaingia Kafue, kiisha Zambezi, linafika bahari ya Hindi kule Msumbiji. Wingu moja, mito miwili.

Upande wetu wa mugongo tuna tanki zetu pia. Mwadingusha juu ya Lufira, tangu 1930, ambayo ilizaa ziwa Tshangalele, na chini yake Koni. Juu ya Lualaba kuko Nzilo na Nseke, za miaka ya 1950. Tshangalele ni ziwa pana lakini lenye kina kidogo, kwa hiyo jua linalikunywa sana, na matope yanayoletwa na mvua yanakula nafasi ya maji. Umeme mwingine unatoka Inga, kwa waya wa kilometa karibu 1,700 mpaka Kolwezi. Na Inga ina bahati ambayo Kariba haina: muto Congo unapokea maji kutoka pande zote mbili za ekweta. Upande wa kaskazini ukiwa kwenye kiangazi, upande wa kusini uko kwenye mvua, na kinyume. Muto unabaki na nguvu karibu mwaka muzima. Taabu ya umeme wetu, ile «courant» ya kukatika katikati ya filme, mara nyingi ni ya mashini, waya na malipo kuliko ya mvua. Tusichanganye.

Ukame wa sokoni

Fungu la ine ndilo ambalo wataalamu wenyewe wanaligombania, kwa sababu halipimwi na chombo cha mvua wala rula ya mutoni. Linaanza pale maji yaliyopungua yanafanya kitu ambacho watu wanahitaji kipungue pia: chakula, umeme, maji ya kunywa, kazi. Na linaweza kupiga mahali ambapo mvua ilinyesha vizuri.

Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa: sisi ni miji ya migodi. Tunakula bukari kila siku, lakini mahindi ya kutosha hatulimi. Sehemu kubwa ya mahindi na bunga inatoka Zambia. Kwa hiyo shamba letu, ukifikiri vizuri, liko pande zile, na mvua inayotuhusu ni mvua ya kule. Mama anayeuza bunga kwa meka kwenye soko la Kenya (ni komini yetu, si inchi) hajawahi kufika Choma wala Monze, lakini wiki zile za Februari bila mvua ndizo zilipanga bei yake miezi mitatu baadaye.

Tena si mavuno peke yake. Inchi ikiwa na njaa inafunga mulango. Zambia ilibana uuzaji wa mahindi inje mwaka 2016, kisha ukame wa El Niño ile ingine, na ikafanya vile tena katika taabu hii ya karibuni. Na kuko kitu cha tatu ambacho wengi hawakukiona: mwezi wa sita 2024, Zambia ikapatana na Tanzania kununua tani 650,000 za mahindi. Yule aliyekuwa muuzaji wetu akawa mununuzi, anasimama kwenye mustari pamoja na sisi, akiwa na feza ya serikali mukononi. Ule mumoja wa njia zetu za kujiokoa, mahindi ya Tanzania, ukawa na mwenye nguvu zaidi mbele yetu.

Umeme ni vile vile. Kampuni za migodi za Katanga zinanunua sehemu ya umeme kutoka inchi za kusini, unapita Zambia. Kariba ikikauka, ule umeme unapungua ao unapanda bei, kampuni zinawasha jenereta za mazutu, na kazi inaweza kupungua. Kijana wa Kolwezi anayesimamishwa kazi siku ile, ukimuambia ni ukame umemufukuza, atakuangalia kama mulevi.

Mnyororo wenyewe si wa chuma

Mutu anaweza kufikiri kwamba vitu hivi vinne ni kama domino: mvua, shamba, muto, soko. Mara nyingi inaenda vile. Lakini kila pete ya mnyororo inaweza kukatika, ao kuanza yenyewe.

Mvua inaweza kukosa na shamba lisiumie, kama lina mufereji wa maji, ao kama ilikosa kisha mahindi kukomaa. Pale ni faida hata, yanakauka vizuri. Shamba linaweza kuumia na muto usisikie kitu, kama kiangazi kilikuwa cha wiki tatu tu. Muto unaweza kushuka bila mvua kupungua, kama watu wa juu wamechukua maji, ao kama wasimamizi wa bwawa wametumia maji mengi miaka ya mbele bila kuweka akiba. Kwa Kariba swali hilo liliulizwa kwa ukali, pale Zambia na Zimbabwe na kisha ukame wa 2015-16 pia, kwa sababu bwawa moja linalisha inchi mbili na kila moja ina kiu yake. Na soko linaweza kukauka bila ukame wowote: muji unaongezeka watu kila mwaka, mashamba ya kuulisha hayaongezeki vile. Hapo mwaka wa mvua ya kawaida kabisa unafanana na mwaka mubaya.

Kitu kingine: mnyororo unarudi nyuma. Wakati umeme unakosa na gazi ni bei, watu wanapika na makala. Makala ni miti ya miombo, na pori la kuzunguka Lubumbashi limeshasogea mbali sana. Wazee wanakumbuka wakati gunia la makala lilitoka kilometa chache, leo lori linaenda mbali kabisa kulitafuta. Pale miti imeondoka, mvua inakimbia juu ya ardhi badala ya kuingia chini. Kisima kinashuka mbio, muto unafurika Januari na kukauka Septemba. Kwa hiyo ukame wa sokoni wa mwaka huu unapika ukame wa mito wa kesho. Hata udongo na hewa vinazungumza: udongo ukiwa na maji, jua linatumia nguvu yake kuyapandisha kama mvuke, udongo ukikauka, nguvu ile yote inakuwa joto, hewa inakuwa kavu zaidi, na mawingu yanakosa chakula. Ukame unajilisha wenyewe.

Kuisha nako si pamoja

Majira ya 2024-25, mvua zilirudi vizuri Zambia. Ukame wa mvua uliisha kati ya Novemba na Desemba 2024. Ukame wa shamba uliisha nao karibu siku zile. Mwaka 2025 Zambia ilivuna tani zaidi ya milioni 3.6 za mahindi, mavuno makubwa kuliko yote iliyowahi kuhesabu. Lakini Kariba haikujaa. Ziwa la namna ile linahitaji zaidi ya majira moja mazuri, na delestaji iliendelea Zambia wakati magunia yamejaa kwenye depo. Mulimaji anacheka, muchomeleaji wa milango analia, inchi moja, mwezi mumoja.

Na sokoni? Bei ya chakula inajua kupanda kwa haraka kuliko kushuka. Mulimaji aliyeuza mbuzi zake na jembe la kukokotwa na ngombe ili watoto wale hapati vile vitu mara moja kwa sababu mvua imenyesha. Mama aliyekula mutaji wake wa biashara hauoni tena mwezi unaofuata. Kwa watu wale, ukame unaendelea miaka miwili, mitatu, na hakuna satelite inayouona.

Kwa mwenye kupanga maisha yake hapa muji, saa za kuangalia ni hizi. Mwezi wa kumi na kumi na moja, sikiliza watabiri wa hali ya hewa wanasema nini juu ya El Niño. Januari na Februari, uliza madereva wa malori wanaotoka kusini mahindi yako namna gani, yametoa ndevu ao hapana. Wao wanaona mashamba kwa macho, kilometa kwa kilometa. Kama jibu ni baya, bei itaanza kusogea kati ya Aprili na Juni, ndani ya wakati wa mavuno, pale ambapo kwa kawaida ilipaswa kushuka. Kwa umeme wa kusini ngoja mpaka mwezi wa saba, uangalie Kariba imefika mita ngapi. Na kwa kisima cha kiwanjani kwako, funga fundo kwenye kamba pale maji yanagusa mwisho wa mwezi wa ine, na ulinganishe na fundo la mwaka uliopita.